Tembea Uone: Maisha ya Mji Mdogo katika Milima ya Appalachia

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Columbus, Ohio



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kukutana tena tukiwa wazima, wengine kutoka London na Reading, wengine Muscat, wengine Toronto na Houston, na wengine, ambao safari yao ndiyo ndefu kuliko zote, kutoka nyumbani Muheza na Tanga. Pili, naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Barua ya kamati iliniomba nizungumzie "maisha ya mji mdogo na starehe zake". Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Nawajua ndugu zangu. Najua kwamba nyuma ya maneno hayo ya adabu limo swali ambalo mmekuwa mkiniuliza kwa simu kila sikukuu tangu mwaka 2014: "Baba Mkubwa, unafanya nini huko porini, na utahama lini?"

Leo nitajaribu kulijibu. Naomba mnivumilie, kwani mtu aliyetumikia Idara ya Ardhi kwa miaka 31 hawezi kujibu swali lolote kabla ya kueleza mipaka ya kiwanja.

Mji ninaoishi unaitwa Hinton. Ni makao makuu ya Kaunti ya Summers, kusini mwa jimbo la West Virginia, na kutoka hapa tulipoketi ni mwendo wa gari wa saa nne na ushei. Milima ya Appalachia huanzia kusini, katika majimbo ya Alabama na Georgia, ikapanda kaskazini hata ikaingia Kanada. Na West Virginia ndilo jimbo pekee ambalo lote, mpaka hadi mpaka, huhesabiwa kuwa ndani ya eneo hilo. Ni jimbo lililozaliwa vitani. Virginia ilipojitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, watu wa milimani walikataa kuifuata, nao wakajitenga nayo, na tarehe 20 Juni 1863 wakawa jimbo kamili. Hata leo siku hiyo ni sikukuu yao.

Mji wenyewe umekaa kando ya mto uitwao New River. Jina hilo maana yake ni Mto Mpya, ilhali wataalamu wa miamba wanauhesabu miongoni mwa mito mikongwe kabisa duniani. Tena hutiririka kwenda kaskazini, jambo ambalo wenyeji humweleza kila mgeni kwa fahari, kana kwamba wao ndio waliougeuza. Reli iko chini, karibu na maji. Nyumba zimepanda mteremko safu juu ya safu. Na juu ya nyumba ni msitu mtupu. Kwa sensa ya mwaka 2020, wakazi walikuwa zaidi kidogo ya 2,000. Treni ya abiria iendayo baina ya New York na Chicago hupita siku tatu tu kwa wiki, na ipitapo wapo watu wazima wanaotoka barazani kuitazama. Nami ni mmoja wao.

Mnakumbuka jinsi tulivyofika. Nilistaafu kwa hiari mwaka 2013, nikiwa na miaka 55. Binti yetu alikuwa ameajiriwa uuguzi katika milima ile, ana watoto wawili wadogo, na mumewe alikuwa akifanya kazi za usiku. Akatuita tumsaidie kulea. Tulifika mwezi wa Oktoba 2014. Barabara ilipoanza kuzunguka milimani na ukungu kushuka mabondeni, Mama Mkubwa wenu, Mungu amrehemu, ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa amenyamaza kimya, aliniambia: "Mbona umenirudisha Amani?" Nanyi mliopata kupanda kutoka Muheza kwenda Amani asubuhi ya masika mnajua alichokuwa akikisema. Milima ni mingine, miti ni mingine, lakini ukungu ule ni ndugu wa ukungu wetu.

Sasa niwaambie juu ya watu. Wiki ya kwanza, jirani yetu, bibi mmoja mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, alibisha mlango akiwa amebeba sahani ya mkate wa mahindi uliofunikwa kwa kitambaa. Hakukaa. Alituambia jina lake, akatuonyesha nyumba yake kwa kidole, akaenda zake. Mama Mkubwa aliuweka mkate mezani, akaiosha sahani, kisha akaanza kuhangaika. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Siku ya tatu akakaanga maandazi ya tui la nazi la kopo, akaipeleka. Baada ya juma sahani ile ile ikarudi na maharage mabichi. Ikaenda na kachori, ikarudi na jamu. Ndugu zangu, sahani hiyo ilivuka barabara kwa miaka sita, wala sidhani kwamba kuna aliyewahi kujua kwa yakini ilikuwa zamu ya nani.

Hivyo ndivyo mji mdogo ulivyo. Dereva akipishana nawe huinua kidole juu ya usukani kukusalimu, akujue asikujue. Ukienda posta kununua stempu moja, utarudi na habari za nani amelazwa, nani amejifungua, na ng'ombe wa nani amevunja ua. Jioni za kiangazi watu hukaa barazani mwa nyumba zao, na anayepita huitwa apande. Mimi niliyekulia katika nyumba yenye baraza, kisha nikakaa miezi miwili kwa mpwa wangu Houston bila kumjua mtu wa mlango wa pili, niliona kwamba nimerejea mahali ninapopajua.

Starehe zake, ambazo ndizo mlizoniuliza, hufuata majira. Kwa hiyo nami nitazifuata hivyo hivyo.

Mwezi wa Aprili, kabla miti haijatoa majani, humea katika vivuli vya msitu kitunguu cha mwituni kiitwacho ramp, chenye majani mapana ya kijani. Watu hupanda milimani na vijembe na vikapu. Hukaangwa pamoja na viazi na mayai, na huliwa kwa pamoja katika kumbi za makanisa na za vikosi vya zimamoto vya kujitolea, fedha zikaenda kununulia mipira ya maji ya kikosi au kulipia paa la kanisa. Harufu yake hukaa mwilini siku mbili, kwa hiyo hekima ya mji ni kwamba nyumba nzima ile au nyumba nzima isile. Tena iko adabu ya kuvichimba. Kitunguu hicho huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo mtu mwenye haya huchukua kidogo katika kila kichaka na kuacha mbegu. Jirani alitupeleka mahali pake baada ya kutujua miaka miwili, akatuapisha tusimwonyeshe mtu.

Majira ya joto ni ya bustani. Wazee wa kule hupanda mahindi, maharage yakapanda juu ya mabua ya mahindi, na maboga yakatambaa chini. Nilipoona shamba la kwanza la namna hiyo nilisimamisha gari. Ni shamba la marehemu mama, mstari kwa mstari. Mama Mkubwa naye alipanda mchicha. Kule mchicha huhesabiwa kuwa gugu, na siku moja kijana wa jirani, kwa wema kabisa, alianza kuung'oa akidhani anamsaidia mama mzee kupalilia. Kilio kilichotoka jikoni kilisikika mpaka relini. Lakini aliusonga ule ulionusurika kwa nazi na kitunguu, akamlisha kijana yule, na mwaka uliofuata aliomba mbegu.

Mtoni watu huvua kambare na samaki wengine, na chini kidogo ya mji yako maporomoko ya Sandstone, ambapo mto wote, wenye upana wa mita kama 450, huanguka kwa pamoja. Ziko njia za mbao za kuyaendea, na wajukuu zangu wanazijua kuliko ngazi za nyumba yao. Bonde hilo la mto, tangu Desemba 2020, ni hifadhi ya taifa. Mwezi wa Agosti tunakwenda Fairlea, kaunti ya jirani, kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo, na huko nimeona watu wazima wakishindana juu ya boga kwa ukali ambao kwetu huonekana siku ya Simba na Yanga tu.

Lakini mwezi wa Julai una jambo ambalo napenda vijana walisikilize kwa makini. Katika kaunti yetu, mahali paitwapo Talcott, kampuni ya reli ilianza mwaka 1870 kuutoboa mlima, ikamaliza mwaka 1872 handaki lenye urefu wa karibu kilomita mbili. Wengi wa waliolichimba walikuwa watu weusi waliotoka utumwani miaka michache tu kabla. Wasimulizi husema kwamba mmoja wao, John Henry, alipoona imeletwa mashine ya mvuke ya kutoboa mwamba, alishindana nayo kwa nyundo zake, akaishinda, kisha akafa palepale. Wanahistoria hubishana iwapo mambo hayo yalitokea hapo au kwingine. Talcott hawabishani. Iko sanamu yake karibu na mdomo wa handaki, na kila Julai hufanyika sikukuu yake. Ndani ya wilaya ya wazungu wengi hivyo, shujaa wa mji ni mtu mweusi mwenye nyundo. Tena si yeye peke yake. Kaunti ya pili, Fayette, ndiko Carter G. Woodson alikochimba makaa ya mawe ujanani mwake, kabla ya kuwa mwanahistoria aliyeanzisha, mwaka 1926, wiki ya historia ya watu weusi. Na mwimbaji Bill Withers, ambaye sahani zake mlizicheza katika arusi zenu, alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa, katika Kaunti ya Raleigh tunakokwenda sokoni. Msidhani kwamba babu yenu amekwenda mahali ambapo hapajapata kuonekana mtu kama yeye.

Vuli huleta tunda ambalo lilimtoa machozi Mama Mkubwa. Wenyeji huliita pawpaw, nami kwa kuwa wasemaji wa Kiingereza wa kwetu huliita papai kwa jina hilo hilo, nilitazamia papai. Silo. Huiva mwezi wa Septemba katika vichaka vya kando ya mto, ganda lake ni kijani lenye madoa meusi, nyama yake ni ya manjano laini kama malai, na mbegu zake ni kubwa, nyeusi, zinazoteleza. Aliliweka kinywani, akafumba macho, akasema: "Hili ni topetope." Nikambishia. Baadaye nikasoma kwamba watu wa elimu ya mimea huliweka katika ukoo mmoja na topetope na stafeli. Yeye alikuwa ameijua nasaba yao kwa ulimi tu.

Oktoba ni mwezi wa matufaha. Lile la manjano liitwalo Golden Delicious, mnalolinunua madukani, lilianzia Kaunti ya Clay katika jimbo letu mwanzoni mwa karne ya 20. Jamaa hukusanyika wakalipika katika sufuria kubwa ya shaba juu ya moto wa kuni, likikorogwa kwa mwiko mrefu wa mbao tangu asubuhi hadi jioni, mpaka ligeuke jamu nzito yenye rangi ya kahawia. Mwiko haupumziki, kwani ikishika chini imeharibika yote. Kwa hiyo watu hupokezana, na anayekoroga ndiye mwenye haki ya kusimulia. Habari nyingi za mji ule nilizipata nikiwa nimeshika mwiko huo. Kisha, Jumatatu ya wiki ya Sikukuu ya Shukrani, huanza msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na katika kaunti nyingi shule hufungwa wiki nzima, kwa sababu hata zikifunguliwa hatakuwapo mwanafunzi, na pengine hata mwalimu.

Baridi ikija, ni sufuria ya maharage juu ya jiko, mkate wa mahindi uliookwa katika kikaango kizito cha chuma, na kitunguu kibichi pembeni. Mtu aliyelelewa kwa ugali na maharage hahitaji mkalimani mbele ya chakula hicho. Jumamosi usiku watu hukutana ukumbini wakapiga fidla, gitaa na banjo. Na banjo hilo, ambalo dunia nzima hulijua kuwa ni chombo cha watu wa milima ile, asili yake ni Afrika. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi ndio waliolifanyiza huku ng'ambo kwa kibuyu, ngozi na nyuzi. Mzee mmoja mpigaji alinieleza hayo mwenyewe, kisha akanikabidhi chombo chake nijaribu, akidhani huenda kimo damuni. Hakimo. Nilirudishwa kwenye kazi ya kupiga makofi.

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikadhaniwa kuwa wakala wa utalii. Mji wetu una majeraha. Katikati ya karne iliyopita ulikuwa na wakazi zaidi ya 5,000. Kazi yake ilikuwa kuhudumia vichwa vya treni vya mvuke, na dizeli ilipoingia katika miaka ya 1950 kazi hiyo ikafa. Machimboni nako mashine zilichukua mahali pa watu. Maduka mengi ya barabara kuu yamefungwa. Kwa miaka mingi West Virginia imeongoza majimbo yote ya Marekani kwa kiwango cha vifo vya watu waliozidisha dawa za kulevya, na balaa hiyo ilianza kwa vidonge vya maumivu vilivyomwagwa milimani kama mahindi ya kuku; kijana yule aliyeomba mbegu za mchicha amemzika kaka yake. Wapo pia wachache waliotutazama kwa jicho baya, na siku moja tulipigiwa kelele za matusi kutoka ndani ya gari lililokuwa likipita. Yote hayo yapo.

Ila katika jeraha hilo la kuhama ndimo nilimowatambua watu hawa kuwa ndugu zetu wa hali moja. Mwaka 1950 jimbo zima lilikuwa na watu zaidi ya 2,000,000. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 1,800,000, ilhali watu wa Marekani kwa muda huo wameongezeka zaidi ya maradufu. Walikwenda wapi? Walikuja huku. Walikwenda Akron kwenye viwanda vya mipira ya magari, Detroit kwenye viwanda vya magari yenyewe, Cleveland, na hapa hapa Columbus. Walichekwa kwa lafudhi zao. Walipanga vyumba wakiwa wengi, wakatuma fedha nyumbani, wakaulizana kila Ijumaa nani ana gari linalokwenda milimani. Hebu niambieni, habari hizo ni za nani kama si zetu?

Nao wana jambo moja wanalolifanya ambalo sisi hatulifanyi. Hapo ndipo hotuba yangu ilipokuwa ikielekea tangu mwanzo.

Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa Mei, hurudi kusafisha makaburi. Milimani kule jamaa nyingi zina makaburi yao wenyewe, juu kabisa ya kilima, na kwa kila jamaa kuna Jumapili yake. Huja magari kutoka Ohio na Michigan. Hufyekwa majani, mawe yaliyoinama husimamishwa, kila kaburi likawekewa maua, hata la mtoto aliyeishi siku moja. Kisha hutandikwa meza chini ya miti, watu wakala pamoja, na wazee huwashika watoto mkono wakawapitisha kaburi kwa kaburi, wakiwaambia: huyu alikuwa nani, huyu alikuja lini, huyu alikufa kwa nini. Mimi kama mtu wa ardhi nilipendezwa kujua kwamba sheria ya jimbo huwalinda katika hilo: hata shamba likiuzwa kwa mgeni, wazao wa marehemu wana haki, wakitoa taarifa, ya kupita katika ardhi yake kwenda kuzuru kaburi na kulitunza.

Mama Mkubwa alifariki Februari 2021, kwa maradhi ya moyo. Mnajua ulikuwa wakati gani. Safari za ndege zilikuwa adimu, na kila ofisi niliyoipigia ilinipeleka kwenye ofisi nyingine. Nilijaribu siku tisa. Siku ya kumi jirani alivuka barabara akiwa na sahani ile. Akaiweka mezani, na safari hii aliketi. Akasema kwamba katika makaburi ya jamaa yake iko nafasi kando ya mama yake mzazi, na kama ningeridhia, wangeona heshima. Ardhi ilikuwa imeganda. Vijana wanne waliichimba kwa sururu, na mmoja wao ni yule wa mchicha.

Wamo miongoni mwenu waliosema kwamba nimemtupa ugenini. Sikuwajibu wakati ule. Simlaumu mtu, kwani ningekuwa Muheza nami ningesema hivyo hivyo. Leo nataka mjue kwamba kila Mei kaburi lake hufyekwa na kuwekewa maua pamoja na ya wenyeji wake. Mwaka 2023, Jumapili hiyo iliponikuta niko Tanzania, nilipigiwa simu nikaonyeshwa kwa picha: maua yamewekwa, na mtoto mdogo wa kizungu anafundishwa kulitamka jina lake.

Na huko Tanzania nilikuwa nimekwenda kufanya nini? Jirani alikuwa ameniuliza swali moja tu, bila ubaya wowote, tukiwa tumeinama tunang'oa majani: "Na kaburi la mama yako analitunza nani?" Nilimjibu kwamba wapo ndugu. Nikarudi nyumbani nikakosa usingizi. Ndipo nikapanda ndege.

Ndugu zangu, sikuliona. Nilisimama katika shamba letu la zamani, mimi niliyepima mipaka ya watu wengine kwa miaka 31, nikashindwa kuonyesha mahali alipolala mama yangu. Mnazi niliokuwa nimeuweka akilini kama alama ulikuwa umekatwa. Kichaka kilikuwa kimefika kifuani. Aliyenionyesha ni mwanamke mmoja wa kijijini, wala si wa ukoo wetu, aliyekumbuka kwa kuwa utotoni alikuwa akitumwa kuokota kuni hapo. La Babu tulilipata baada ya kufyeka siku mbili. Makaburi mawili ya watoto hatukuyapata mpaka leo. Na sehemu ya uwanja ule imeanza kulimwa na jirani, ambaye hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba pana watu.

Basi ni nani kati yetu aliyewatupa watu wake? Nauliza nikijihesabu wa kwanza.

Kwa hiyo naomba mkutano huu upokee mambo matatu. La kwanza, kabla hatujatawanyika kesho, kila mzee aliyepo akae na kijana mmoja mwenye kalamu, amtajie makaburi anayoyakumbuka: jina, mwaka, na mahali, iwe ni makaburi ya Waislamu wetu au ya Wakristo wetu, na orodha hiyo ichapwe katika kijitabu cha mkutano ujao. La pili, kila nyumba itoe mchango wa mwaka, hata kama ni mdogo, wa kumlipa mtu mmoja wa kijijini afyeke mara mbili kwa mwaka, na uwanja ule upimwe na kuwekewa mawe ya mpaka. Kazi ya kuandika maombi hayo naijua, nitaifanya bila malipo. La tatu, mkutano ujao usifanywe Columbus wala Reading. Ufanywe Muheza. Twende na watoto, tufyeke wenyewe, tule chini ya miembe, na tuwapitishe kaburi kwa kaburi.

Sasa nilijibu swali lenu. Nitahama lini? Sihami. Wajukuu wamekulia pale, jirani amefikisha miaka 84 na mimi ndiye ninayemwondolea theluji mlangoni, na sahani iko kwangu. Ni zamu yangu kuirudisha. Siku yangu ikifika, nilazeni pale kando ya Mama Mkubwa, wala msigombane juu ya ndege. Lakini nitalala vizuri zaidi nikijua kwamba mama yangu naye ana mtu wa kumpalilia.

Anayetaka kuyaona niliyoyasema na aje Mei. Chumba kipo, maharage yapo, na baraza linatazama treni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atulinde sisi tuliobaki, na atukutanishe tena nyumbani.